Nukta ya Katikati

Sidii mbovu imening'inia juu ya matuta ya mchicha
bondeni Changanyikeni. Inafukuza ndege, wanasema.
Mimi huipita kila asubuhi nikienda kazini
na kila asubuhi hunitupia upinde wa mvua kifuani
kama konda anayerudisha chenji.
Hapo ndipo pa kuanzia ukiniuliza natengeneza nini:
mikwaruzo.
Mikwaruzo iliyopangwa, hadi mwanga ukiipita
usahau kwamba ulizaliwa umenyooka.

Maabara yetu ilikuwa stoo ya viti.
Taa zake ni za njano, maana utando tunaoupaka juu ya silikoni
huungua kwa mwanga mweupe kama ngozi ya mtoto.
Viyoyozi viwili vinapigana na unyevu wa Machi.
Unyevu unashinda.
Nsajigwa huvuta kofia ya nailoni hadi kwenye nyusi;
unywele mmoja, husema, humu ndani ni gogo barabarani.

Nambari ya leo ni mia tatu na kumi.
Nanomita.
Ukucha wako, wewe umekaa tu, hukua kiasi hicho
kabla chai haijapoa.
Tuchimbe hapo, tusizidishe, tusipunguze,
na mwale mmoja utatokea ng'ambo ya pili
umekuwa nukta nane katika duara,
katikati giza,
kama watu waliozunguka sinia ambalo bado halijaletwa.

Tukafunga chemba. Gesi ikawaka zambarau,
zambarau ile ile ya tunda, inayobaki ulimini.
Nsajigwa akahesabu polepole, kwa Kinyakyusa,
kwa kuwa Kiswahili, anadai, humfanya aharakishe.
Dakika ya nne
umeme ukakatika.

Hakuna aliyesema neno.
Pampu ilishusha pumzi ndefu.
Jenereta la jirani, fundi wa aluminiamu, likakohoa kabla ya letu,
na mimi nikabaki nimeshika mpini wa mlango uliofungwa
kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika.

Jioni tukaipima hivyo hivyo.
Silikoni kwa macho yangu ni jiwe la kijivu;
naweza kuiinua mbele ya jua la saa sita
nisione ng'ambo.
Lakini kuna mwanga ulioshuka chini ya wekundu wote,
na kwa mwanga huo jiwe hili ni dirisha.
Leza tukaiwasha. Ukutani hapakuwa na kitu.
Kamera ndiyo iliyotuonea:
nane, ndiyo, nane, zimefifia,
na pale palipotakiwa giza
moja, kali kuliko zote,
mwanga uliopita bila kusoma tulichouandikia.

Dokta Kokushubila akaja na viatu mkononi.
Hakumlaumu mtu. Aligeuza risiti ya maji, akaandika:
katikati imebaki asilimia kumi na mbili.
Akarudi nyuma na hesabu, mstari kwa mstari,
jasho likidondokea saba yake ikawa moja, akaifuta,
akafika chini.
"Mia mbili na arobaini," akasema.
"Umeme ulikatikia hapo."
Kwa sauti ya mtu aliyesoma saa
mkononi mwa marehemu.

Kumbe kosa lilikuwa limeshika kumbukumbu
kuliko daftari langu.
Sikuitupa. Nimeifunga katika karatasi laini,
nimeandika tarehe, na chini yake: 240.
Kesho tunaanza na nyingine. Nsajigwa ameahidiwa betri
na shemeji yake wa Tabata. Tutaona.

Usiku mama alipiga simu.
Akauliza kama hicho kitu kinauzika.
Bado, nikasema.
Kina kazi gani?
Kinagawa, mama. Kinagawa mwanga.
Akanyamaza kidogo; nilisikia sufuria ikifunikwa.
Kinagawa sawasawa?
Bado. Wa katikati amejichukulia kikubwa.
Akacheka hadi akakohoa.
Huyo, akasema,
hata huku kwetu yupo.